Katambuga Ndani ya Shokapu

Aliyenipigia simu ni mtu mmoja anayebadilisha fedha pale Kabanga. Alisema kwamba upande wa Burundi, hatua chache kupita kizuizi, kuna fundi baiskeli mzee ambaye kila akikutana na mtu wa Biharamulo humuuliza kama anamfahamu Deo wa Kaniha, yule mrefu asiyetulia mahali, yaani mimi. Nikamuuliza huyo fundi ana mkono gani. Akacheka, akasema kwani watu wana mikono ya aina ngapi. Kisha sauti yake ikasogea mbali na simu, kama ya mtu anayegeuka kutazama, akaniambia, "Wa kulia umekauka. Anatumia wa kushoto." Nilikuwa nimekaa nje ya chumba changu cha kupanga, namenya mihogo. Niliweka kisu chini. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa natembea na swali moja, nalo nilitembea nalo mpaka kwenye machimbo ya dhahabu, kwenye mashamba ya tumbaku na kwenye boti za dagaa: je, Bukuru anajua nani aliyempiga fimbo ya kwanza siku ile? Maana fimbo ile niliipiga mimi.

Habari za wazazi wangu, na za shule niliyoiacha nikiwa darasa la sita, nitaziruka. Hazina hatia yoyote katika mambo haya. Mwaka wenyewe ulinianzia Rusumo. Nilikuwa na miaka kumi na minane na kazi yangu ilikuwa kupakia na kushusha magunia ya madereva waliokwama mpakani. Ndipo watu walipoanza kuja na maji ya mto, wakiwa wamekufa. Siku za mwanzo sisi vijana tulisimama darajani tukiwahesabu kwa sauti, kama watoto wanaohesabu magari, na kulikuwa na mmoja wetu aliyependa kubashiri kama anayefuata atakuwa mwanamume au mwanamke. Mimi, kwa ile tabia yangu ya kutaka kujua kila kitu, niliteremka kwenye miamba hadi karibu na povu ili nione walikufaje. Mwanamke mmoja alikuwa amekwama kwenye jiwe. Mikono yake ilifungwa kwa nyuma kwa kamba ya mgomba, na vifundo vya mikono vilikuwa vimevimba hata kamba haionekani, kama mti uliomeza waya wa uzio. Nilipanda juu na sikuhesabu tena. Kesho yake niliondoka kwa miguu, nikasimama kwenye kijiji kilichotenganishwa na kambi ya wakimbizi kwa kilima kimoja tu, kwa sababu pale palikuwa na kazi ya kuchimba mitaro ya mabomba.

Nilipata pa kulala kwenye stoo ya Mama Zuhura, mjane mwenye duka ambaye babu zake walitoka pwani wakifuata biashara. Kile chumba nakikumbuka kuliko nyumba zote nilizowahi kuishi. Magunia ya chumvi upande mmoja, madebe ya mafuta ya taa upande mwingine, na mimi katikati juu ya mkeka, nikinukia vyote viwili. Ukuta uliotenganisha stoo na jiko ulikuwa wa mbao zisizokutana vizuri, kwa hiyo kila alfajiri niliamshwa na moshi wa maandazi na mazungumzo ya wateja waliokuja kunywa chai. Walizungumza vitu vilevile: nani kavamiwa pori la kwenda Biharamulo, nani kakatwa vidole kwa sababu alichelewa kuivua pete, ng'ombe wa nani kachinjwa usiku, mguu mmoja tu ukachukuliwa na mnyama mzima ukaachwa. Walizungumza huku wakitafuna. Baada ya miezi michache na mimi nilikuwa nasikiliza huku natafuna. Athumani, mdogo wake Mama Zuhura, aliyekuwa akipeleka bidhaa vijiji vya jirani kwa baiskeli, ndiye peke yake aliyeyageuza kuwa mzaha. Alisema yeye majambazi hawatamkata kitu, maana mwili mzima hauna nyama ya kukwamisha panga.

Baiskeli yangu niliipata kwa Mzungu wa maji, mhandisi aliyesimamia ile mitaro. Ilikuwa baiskeli ya milimani, yenye tairi nene za meno, na uma wake wa mbele haukuwa chuma kimoja kama za kwetu, bali miguu miwili yenye shokapu ndani, inayoingia na kutoka unapopita kwenye shimo. Zamani, yaani. Wakati anaondoka ilikuwa imekufa, imezama chini na kukwama, na kila jiwe ulilolipita ulilisikia kwenye meno. Alisema nikiweza kuifufua ni yangu. Hakukuwa na fundi pale kijijini aliyekubali hata kuigusa. Mmoja alinishauri nichomelee vyuma viwili pembeni niisahau. Lakini mimi sikutaka kuisahau. Nilitaka kujua ndani kuna nini.

Ndiyo iliyonipeleka kwa Bukuru. Alikuwa Mrundi wa miaka thelathini hivi, fundi baiskeli kwenye soko la ukingoni mwa kambi, mwenye meza ya mbao za makreti, spana malaya moja, ile ya kushika nati za kila ukubwa, na bisibisi moja. Kwao pacha wa kwanza huitwa Bukuru na wa pili Butoyi. Butoyi wake alibaki shambani kwao Muyinga, kichwa mbali na mwili. Alinieleza mara moja tu, akinyoosha rimu, bila kuinua macho. Aliniita murumuna, yaani mdogo wangu, tangu siku ya kwanza, na mimi nikamwita kaka. Alizijua zile baiskeli nyeusi nzito kama anavyojua kula, ila uma wa namna hii hakuwahi kuufungua. Tulikuwa wanafunzi wote wawili, bila mwalimu.

Nilishika spana nikaanza kulegeza kifuniko cha juu ya mguu wa kulia. Yeye aliinama juu yake ili atazame. Hatukujua kwamba chini ya kifuniko kuna springi iliyobanwa. Kiliruka kama risasi, kikampiga mdomoni. Damu yake iliingia moja kwa moja ndani ya shokapu. Alitema kipande cha jino kwenye kiganja, akakitazama pande zote, kisha akacheka kwa ule mdomo mwekundu hadi watu wa meza za jirani wakaja kuona kuna nini. "Murumuna," alisema, "kuanzia leo hakuna anayeweka uso juu ya kifuniko. Wewe wala mimi." Na kila tulipofungua tena, alinisukuma shavu pembeni kwa mkono wake wa kulia, hata kama nilikuwa mbali.

Ndani, juu ya springi fupi, palikuwa na vipande vya mpira wa manjano vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, vimeoza na kunata kama ulimbo. Tuliving'oa kwa kijiti. Sasa tuweke nini badala yake? Tulijaribu mpira wa tairi ya gari, tukakuta ni mgumu, shokapu haibonyei kabisa. Tulijaribu ndala, zikasagika siku moja. Bukuru alikaa akifikiri, kisha akaitazama miguu yake. Alikuwa amevaa katambuga za tairi alizotoka nazo Muyinga. Mpira ule ulikuwa umeshatembea, alisema, umelainika kwa mawe ya nchi mbili, si mgumu wala si mlegevu. Akazivua. Nilikataa, akanijibu kwamba katambuga zinapatikana, shokapu haipatikani. Nikamwahidi kumletea nyingine mnada wa Jumamosi. Tulizikata duara duara kwa kisu kilichopashwa moto, tundu la katikati tukalitoboa kwa spoku nyekundu ya moto, na moshi wake mweusi ulitukohoza mchana kutwa. Duara tano kila mguu. Moja ilikuwa na kiraka cha mpira mwekundu, pale alipoziba shimo la msumari.

Grisi hatukuwa nayo. Kilichokuwepo kambini kwa wingi ni mafuta ya kupikia ya mgawo, yale ya kwenye makopo, nasi tukaona mafuta ni mafuta. Tukamimina kikombe kimoja kila mguu. Bukuru alifunga kifuniko cha kushoto kwa vidole viwili, kisha robo mzunguko wa spana, akaenda kuchota maji. Akaniachia cha kulia. Mimi nilitaka kisiruke tena. Nilikikaza kwa spana malaya mpaka chuma kikalia, na nilijua katika ule mlio kwamba meno ya kifuniko hayakuingia yalipopaswa. Nikajipangusa mikono, sikusema. Aliporudi na kubonyeza usukani baiskeli ikashuka na kupanda kama kitu kinachopumua, akanitazama kwa furaha ambayo nimewahi kutazamwa nayo mara chache sana maishani. Tukakubaliana ilale kwake, aone kama itavuja.

Jioni hiyo nililishwa maandazi na maharage jikoni. Mama Zuhura alininusa akaniuliza leo nimekuwa mpishi wa nani. Nikawasimulia yeye na Athumani jinsi katambuga za Bukuru zilivyoingia kwenye shokapu na Bukuru alivyorudi kulala peku. Mama Zuhura alicheka mpaka akashika ubavu. Athumani alisema basi baiskeli hiyo ina miguu yake sasa, kesho tutaikuta imejipeleka mnadani. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia.

Walimpata saa mbili asubuhi kwenye kijito, njia ya Biharamulo. Aliondoka na bidhaa kabla jua halijatoka. Panga lilikuwa limepita shingoni, limepita begani, limepita usoni mara ambazo hakuna aliyetaka kuzisema. Nilikimbia na wengine kwenda kuona. Baiskeli yake na mizigo havikuwepo. Mikono yake miwili ilikuwa mbele ya uso, na viganja vimefunguka kama vitabu. Kwenye tope kando yake palikuwa na alama za tairi nene za meno, na pembeni ya tairi alama za katambuga, mistari ya tairi ya gari, wazi kabisa.

Kamanda wa sungusungu alikuwa Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka kadhaa nyuma na kutufundisha ulinzi wa kwao. Alichuchumaa, akapima zile alama kwa shubiri, akasimama. Aliuliza nani ana baiskeli ya meno. Watu wakanigeukia. Nikasema ililala kambini kwa fundi wangu. Nilisema haraka, kabla sijaulizwa mara ya pili. Na hapohapo, nikiwa nimesimama kwenye tope, nilijua. Fundi wangu hana katambuga. Katambuga zake ziko ndani ya uma. Nilijua, na nikajiambia nitasema tutakapofika, watu watakapokuwa wametulia. Filimbi ilikuwa imeshapigwa.

Walimchukua mezani kwake. Hakukimbia, alikuwa ananionyesha kwa kidole tone la mafuta lililokuwa likivuja chini ya mguu wa kulia, nami nilikuwa mbele ya kundi, na alidhani tumekuja kuitazama baiskeli. Walimpiga rungu la mgongo akiwa bado amenyoosha kidole. Walimfunga mikono kwa mbele, wakamvika kichwani gunia la unga wa mgawo. Mtu mmoja akasema tazameni, yuko peku, katambuga amezitupa. Mimi nikaamriwa nisukume baiskeli, na njia nzima kupita kile kilima mafuta yalikuwa yakichirizika kwenye uma na kuingia mikononi mwangu. Nyuma yangu nilisikia pumzi yake ndani ya gunia, na vicheko vya watu wanaomkanyaga visigino.

Walimleta uani kwa Mama Zuhura, ili wafiwa waone. Ndani wanawake walikuwa wakilia juu ya mwili. Masanja alisema kwa utulivu, kama mwalimu. Utaratibu wake ulikuwa unajulikana: kila mwanamume aliyefika lazima apige fimbo moja, mkubwa kwa mdogo, ili asiwepo hata mmoja wa kwenda kuwa shahidi. Anayekataa anapigwa yeye. Nikasema, "Kamanda, nina neno." Sauti yangu ilitoka nyembamba. Akanitazama, akatazama baiskeli, akaniwekea fimbo mkononi.

"Mwenye baiskeli aanze. Piga kwanza, halafu useme."

Nimeshawahi kujieleza mara nyingi. Nimejiambia kwamba nisingepiga tungekufa wawili. Nimejiambia nililenga paja. Bukuru alikuwa amepiga magoti, na alipoisikia hewa ya fimbo aliinua ile mikono iliyofungwa ili akinge kichwa, na fimbo ikatua kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Ilitoa mlio mdogo tu, kama kijiti cha kuwashia moto. Hakupiga kelele. Alivuta pumzi ndefu kupitia gunia, basi. Nyuma yangu mtu alikuwa ameshainua yake.

Fimbo ya pili, ya tatu. Hapo ndipo nilipopata sauti. Nikasema katambuga za mtu huyu ziko ndani ya shokapu ya baiskeli hii, tumezikata jana mchana na kufunga kabla ya magharibi. Watu wakacheka kweli. Mmoja akasema kesho ataambiwa suruali iko ndani ya tairi. Masanja hakucheka. Aliinua mkono kuwanyamazisha, akasema, "Onyesha." Lakini hakuzuia fimbo. Alisema utaratibu uendelee, mimi nifungue.

Spana ya Bukuru ilikuwa mfukoni mwangu. Niliibana kwenye kifuniko cha kulia, kilichokuwa upande wangu, nikavuta. Hakikuzunguka. Ni kile nilichokikaza jana mpaka kikalia. Fimbo ya nne. Nilining'inia kwenye spana, ikateleza kwa mafuta, nikapasua vidole. Ya tano, ya sita. Bukuru alianguka ubavu. Nilisikia fimbo zinavyobadilika sauti, zile za mwanzo kavu, hizi za sasa zenye maji. Nilivua shati nikafunga kifuniko kwa nguo ili spana ishike, nikaweka mguu kwenye fremu. Ya tisa. Nilikuwa natukana kwa Kisubi, Kiswahili na maneno niliyojifunza kwa madereva. Kwa nini sikuenda kwenye kifuniko cha kushoto, alichokifunga yeye kwa vidole viwili? Dakika mbili nzima, au tatu, nilipigana na kosa langu mwenyewe wakati kazi yake sahihi ilikuwa shubiri moja pembeni. Ya kumi na moja. Ya kumi na mbili. Ndipo nilipokiona. Nilikigusa tu, kikazunguka.

Niliinama kando, springi ikasukuma kifuniko, nikainua baiskeli yote na kuipindua miguu juu. Mafuta yalimwagika uani yakinukia jiko. Duara za mpira zikaanguka moja moja mavumbini: moja, mbili, tatu. Ya nne ilikuwa na mistari ya tairi. Ya tano ilikuwa na kiraka chekundu. Nikaziokota nikapiga kelele kuelekea mlangoni, "Mama, shikamoo, njoo uone! Mama!" Hata sasa nashangaa kwamba katika saa ile nilikumbuka shikamoo.

Mama Zuhura alitoka amejitanda kanga mpaka kwenye nyusi. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za alama za miguu. Aliambiwa tu kwamba mwuaji kapatikana. Nilimweleza kwa maneno machache, nikamwekea zile duara mkononi. Alizigeuza. Alikigusa kile kiraka kwa kidole gumba. Nadhani alikuwa anakumbuka kicheko cha jana, na nani aliyekuwa amekaa pembeni yake akicheka. Kisha akamwendea Masanja na kusimama kati yake na gunia.

"Mtu huyu tangu jana yuko peku," alisema. "Nataka aliyemuua ndugu yangu. Sitaki yeyote tu."

Wanaume ambao zamu yao ilikuwa haijafika walishusha fimbo taratibu, wengine wakizificha nyuma ya miguu. Masanja alizitazama duara, akamtazama mama, akavua kofia. Kisha wakaondoka mmoja mmoja, kama watu waliokuja kuuliza bei na kukuta duka limefungwa. Waliomuua Athumani hawakujulikana hadi leo.

Mama Zuhura ndiye aliyemkata Bukuru kamba na kumvua gunia. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya baiskeli. Uso wake ulikuwa mweupe kwa unga na mwekundu kwa damu, jicho moja limeziba, na mkono wa kulia ulining'inia kama kitu cha mtu mwingine. Aligeuza kichwa akitafuta. Nilirudi hatua moja, kisha nyingine, nikaingia stoo. Walimpeleka hospitali ya kambini kwa machela. Sikwenda kumwona. Usiku sikulala, na kulipopambazuka nilirudisha zile duara ndani, nikafunga kifuniko kwa vidole viwili na robo ya spana, nikaondoka kuelekea Biharamulo bila kumuaga mjane aliyenilisha mwaka mzima. Shokapu ilifanya kazi vizuri mno. Kila shimo nililolipita nilikuwa nakanyaga miguu yake.

Nikiwa Kaniha, wiki kadhaa baadaye, niliifungua tena shokapu, maana uma ulianza kuguna. Sisimizi walikuwa wamejaa ndani, maelfu, wamefuata mafuta ya mgawo, wakatafuna na kujenga hadi miguu yote miwili ikawa kichuguu. Kwa grisi wasingeingia. Niliwamwaga, nikaiacha baiskeli imeegemea ukuta wa jamaa mmoja na nikaanza kutembea, nami sijaacha kutembea tangu hapo.

Basi, baada ya ile simu, Kabanga nilifika mchana, nikavuka kizuizi nikiwa na katambuga mpya kwenye mfuko wa rambo. Nilimtambua kwa mgongo. Meza yake ilikuwa na zana nyingi sasa, zimetundikwa zote upande wa kushoto. Nilisema amahoro, akageuka, akanitazama kuanzia miguuni, nikaona pengo la lile jino. Hatukukumbatiana. Alitoa kiti, akaagiza ndizi na maharage kwa mama wa jirani, tukala kwenye sahani moja, yeye kwa mkono wa kushoto. Aliniuliza habari za Mama Zuhura, nikamwambia nilisikia kwamba alifariki. Alizivua ndala zake akavaa zile katambuga, akatembea hatua mbili tatu, akasema zina ugumu, zitahitaji nchi mbili. Na mimi nilikuwa bado nameza lile neno pamoja na maharage. Mwishowe nikaliweka mezani kama lilivyo.

"Kaka, ile fimbo ya kwanza ilikuwa yangu."

Alipangusa vidole. "Gunia halizuii harufu," alisema. "Mafuta ya mgawo yalikuja kabla ya fimbo. Nilijua ni wewe kabla hujapiga."

Nikamuuliza mbona hakuniita jina. Alinitazama kama ninavyotazamwa na watu ninapouliza kitu ambacho kila mtu anakijua.

"Ningekuita, wangetafuta gunia la pili."

Yeye hakusema amenisamehe wala hajanisamehe, na mimi sikuwa na haki ya kuuliza. Alinyanyuka, akavuta baiskeli ya mteja iliyokuwa imeegemea ukutani, ya milimani, uma umezama chini na kukwama. Ilikuwa hapo tangu wiki iliyopita, alisema, inahitaji mikono mitatu. Aliubana uma kati ya magoti yake, akaushika kwa wa kushoto, akanionyesha spana kwa kidevu. Nilianza kulegeza taratibu, nikisikiliza meno ya kifuniko, na kwa ile tamaa yangu ya kutaka kuona kuna nini ndani niliinama karibu zaidi, nikasahau. Nikahisi kitu kikavu, chepesi, kisicho na nguvu, kimegusa shavu langu. Kilikuwa ule mkono wa kulia. Ulinisukuma uso pembeni.